Mchoro, muda au ruhusa: ukichora kidijitali unauza nini hasa?

Mbukwenyi. Juzi kijana mmoja anayesoma pale UDOM kanitumia vois noti ya dakika nne nzima, analalamika tu. Mwezi wa tano alimchorea mama mmoja picha ya bibi wa Kigogo kaishika ngoma ya muheme katikati ya magoti, kazi nzuri kwa kweli, akalipwa elfu 40 yake mambo yakaisha. Mwezi wa nane kaenda kuzurura Nanenane pale Nzuguni, anakutana na bibi yule yule kwenye fulana, zimening'inizwa kwenye kamba, elfu 15 moja. Anayeuza wala hamjui. Swali lake lilikuwa moja: "Kaka, hapa nimeibiwa au sijaibiwa?"

Nikaipeleka ile stori kwenye grupu letu la wachoraji, pakachafuka. Nusu wanasema hela si ulikula, tulia. Nusu wanamwambia kesho asubuhi aende COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Mmoja akaingiza habari za TRA sijui ilitokea wapi, mwingine akasema angekuwa na iPad yasingemkuta hayo, mpaka leo sijaelewa iPad inazuiaje fulana. Nikagundua tatizo sio sheria wala kifaa, tatizo ni kwamba wengi tunaingia kwenye hii biashara bila kujua tunauza kitu gani. Ukikosea hapo, bei inakosewa, makubaliano yanakosewa, na kodi nayo inakuchanganya.

Kwanza maneno. Nikisema mchoraji wa kidijitali namaanisha mtu anayechora kwa simu, kishikwambi au kompyuta badala ya rangi na turubai. Mkono ni ule ule, jicho lile lile, ila kinachotoka mwisho ni faili. Hilo neno faili lishike, maana ndo chanzo cha ugomvi wote. Mchoro wa turubai ukimpa mtu, wewe huna tena. Faili ukimpa mtu, wewe bado unalo na yeye analo, na akimrushia shemeji yake mpo watatu.

Sisi wa Dodoma mfano wake tunao shambani. Chukulia zabibu. Kuna mtu anaitwa kwenda kupogoa shamba la mwenzake huko Hombolo, analipwa kwa siku, jioni anaondoka, huyo anauza muda wake. Kuna mwingine anavuna zabibu zake anazipanga kwenye ndoo barabarani, anauza kitu, ukishanunua umekula imeisha. Halafu kuna anayetoa vipandikizi, vile vijiti vya mzabibu. Ukichukua kijiti kimoja unaweza kukioteshea shamba zima na mwenye mzabibu wake hajapungukiwa kitu. Sasa huyo wa tatu akikuuzia kijiti kwa bei ya kichala, atakuja kulia miaka mitatu mbele akiona ekari yako.

Faili ni kipandikizi. Huyo kijana wetu aliuza muda (masaa aliyokaa anachora), kwa bei ya kichala, halafu akatoa kijiti bila kusema kitu. Na yule mama kwa upande wake hakuwa mwizi, yeye alijua kanunua mzabibu.

Kwa hiyo biashara yenyewe ziko tatu na zinatembea pamoja. Kazi ya oda, mtu anakwambia nichoree hiki, hapo unauza muda na ujuzi. Bidhaa, yaani umechapisha mchoro wako kwenye fulana, kadi, kikombe au fremu unauza kimoja kimoja. Na ruhusa, mtu analipa ili atumie mchoro wako mahali fulani kwa kiasi fulani. Kuanza na moja hakuna ubaya, wengi wetu tumeanza na oda. Ubaya ni kupokea hela ya oda halafu mteja anaondoka na ruhusa ya maisha.

Hakimiliki, bila kutishana

Hakimiliki ni haki ya aliyetengeneza kuamua nani anakili, anachapisha na kuuza kazi yake. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tupo ndani ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao msingi wake ni kwamba haki inazaliwa pale pale kazi inapotengenezwa. Yaani ukimaliza kuchora saa nane usiku huko Nkuhungu, saa nane hiyo hiyo hakimiliki ipo. Wanaosema "usiposajili COSOTA huna haki" wanakosea. Kusajili ni kama kuandikisha mtoto, hajazaliwa siku ya cheti, ila siku mkigombania mtoto, mwenye cheti anaongea kwa sauti. Faili lenye leya zake zote (yale matabaka ya mchoro), tarehe yake, na michoro ya awali ya hovyo hovyo nalo ni ushahidi mzuri, usifute. Mimi nilikuwa nafuta ili nipate nafasi kwenye simu, ujinga mtupu.

Haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Ndo maana ukienda Kolo kule Kondoa ukaangalia ile michoro ya miambani, ile ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, wale watu wembamba warefu na wanyama, hakuna mjukuu atakayekuja kukudai kwa kupata wazo pale. Ila kibonzo cha kampuni ya Marekani au nembo ya Simba na Yanga ni habari nyingine kabisa, zile zina wenyewe. "Nimeichora upya kwa mkono wangu" haikuokoi, umechora upya mali ya mtu. Nembo ya Taifa pia, na hapa mjini inaombwa sana kwa sababu kila mtu anataka bango lake lionekane la kiserikali, hiyo usiiweke kwenye kazi ya mtu binafsi hata akubembeleze vipi.

Penye utata mkubwa ni kazi ya oda, maana mteja anasema wazo lilikuwa langu na hela nilitoa mimi, na wewe unasema mkono ulikuwa wangu. Kinachowatoa hapo ni maandishi. Sio mkataba wa kurasa kumi, ujumbe wa WhatsApp kabla ya kuanza unatosha kuanzia: "Hii elfu 40 ni ya mchoro mmoja wa kuweka ukutani na mtandaoni. Ukitaka kuchapisha na kuuza tutaongea tena." Mteja akijibu "sawa", mmeelewana. Kamwe usiandike ujumbe huo baada ya kumaliza kazi, hapo anaona unamgeuka.

Kwa nini picha ilikuwa nzuri kwenye simu ikaharibika kwenye bango

Hili limenikuta mimi, na nililipa gharama yake mwenyewe. Nilichora bango la duka la mtu, nikamtumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, akalipeleka kuchapisha mita tatu. Lilivyotundikwa uso wa mtu ulikuwa umefifia kama umewekwa nyuma ya chandarua. Mwenye duka kanipigia, hata salamu hakuna.

Picha ya kidijitali ni punje. Kila punje ina rangi moja na inaitwa pikseli. Chukua kibaba kimoja cha uwele umwage kwenye sahani, sahani inajaa, huoni chini. Kibaba hicho hicho umwage kwenye mkeka wa watu sita, unauona mkeka wote. Punje hazijaongezeka, eneo ndo limekua. Sasa picha ya Instagram ina upana wa pikseli 1080 hivi. Printa kwa kazi safi ya kushika mkononi inataka punje 300 kwa kila inchi, gawanya utapata inchi tatu na nusu, kama sentimita 9. Yaani ile picha iliyojaa skrini yote ya simu yako kiukweli ni saizi ya kadi ya mwaliko! Ukitaka A4 safi unahitaji kama pikseli 2480 kwa 3508. Bango la barabarani linaangaliwa kwa mbali kwa hiyo punje zinaweza kuwa chache zaidi kwa inchi, lakini sio chache za WhatsApp, maana WhatsApp ukituma kama picha inaibana ili isile bando. Tuma kama dokumenti. Hicho tu kingeniokoa.

Kwa logo tumia vekta, ambayo haihifadhi punje bali inahifadhi maelekezo, "vuta mstari toka hapa mpaka pale, upinde hivi", kwa hiyo hata ukiikuza ijae ukuta mzima wa ghala maelekezo ni yale yale. Inkscape inafanya kazi hiyo bure.

Na rangi. Skrini inatoa mwanga, printa inapaka wino, ule ukijani wa kuwaka unaouona kwenye simu kwenye karatasi hautatoka hivyo hata uchape wapi. Mwambie mteja mapema, na ikiwezekana chapa kipande kidogo kwanza.

Bei

Hapa ndo wengi wanaumia kimya kimya. Tufanye hesabu ya kweli. Una kishikwambi cha laki saba na ishirini, ukikipa miaka mitatu ya kuishi, kila mwezi kinakula elfu 20 hata kama hujakigusa. Bando tuseme elfu 30, LUKU elfu 10. Jumla elfu 60 kwa mwezi. Ukipata kazi kumi, kila kazi inabeba elfu 6 kabla hujanunua hata maandazi. Umechora posta masaa sita ukauza elfu 15, toa ile sita, unabaki na elfu 9, ni buku na mia tano kwa saa. Halafu mteja anarudi, "kaka badilisha kidogo tu shati liwe bluu", kesho yake "sasa na yule mtoto mtoe", masaa matatu mengine yameondoka, umeshuka kwenye buku moja kwa saa na macho yanauma.

Kwa hiyo masahihisho yana idadi. Mimi natoa mawili bure, la tatu linalipiwa, na nasema tangu mwanzo. Na nusu ya hela inakuja kabla ya kuanza. Kuna watu wanaona aibu kuomba advansi, lakini fundi cherehani akikupima anachukua hela ya kitambaa na humwoni kama mwizi. Mteja anayekataa kabisa kutoa hata theluthi, kwa uzoefu wangu, huyo na mwisho hatoi.

Ruhusa nayo ina bei yake na haihusiani na masaa. Mchoro uliochora dakika arobaini ukitumika kwenye lebo ya chupa elfu mbili za mvinyo una thamani kuliko ule wa siku tatu unaokaa sebuleni kwa mtu. Uliza maswali matatu: unaenda wapi, nakala ngapi, kwa muda gani.

Makaratasi

Uvumi ninaousikia sana ni "ili uanze lazima ufungue kampuni". Hapana. Kuna kampuni na kuna jina la biashara, vyote vipo BRELA, wasajili wa biashara, ila ni vitu viwili tofauti. Jina la biashara ni wewe yule yule umevaa kofia yenye maandishi, madeni ni yako, faida ni yako, unajaza mtandaoni ukiwa na namba ya NIDA. Kampuni ni mtu mwingine kabisa kisheria, ina mahesabu yake na wajibu wake kila mwaka hata kama haijauza kitu, na nimeona vijana wamefungua kampuni kwa sifa halafu wanadaiwa faini ya kutowasilisha taarifa. TIN, namba ya mlipakodi, ni ya TRA na ni bure, anayekudai hela ya TIN anakudai hela ya soda. Leseni ya biashara kwa saizi yetu inatoka halmashauri, hapa ni Jiji, maombi yanapita kwenye mfumo wa Tausi. BASATA, Baraza la Sanaa, wao wanasajili wasanii, na hilo lina faida ukitaka kugusa mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri (nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu) vijana wanapewa kwa kikundi, kwa hiyo tafuta wenzako unaowaamini kweli, sio wa kujaza idadi.

Usianze na yote kwa mpigo. Anza kuchora na kuuza, TIN chukua mapema, jina la biashara fuata pale wateja wa ofisi wanapoanza kukuulizia.

Maana Dodoma hii ofisi ndo mteja. Wizara kule Mtumba, mashirika, vyuo, kila siku kuna semina, na kila semina inataka bango, kijitabu, fulana. Hapo ndo inakuja ile "wamenikata hela". Unakubaliana laki nne, inaingia laki tatu na elfu 80, unahisi mhasibu kakula. Mara nyingi hajala. Ni kodi ya zuio, asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, mlipaji anaikata na kuipeleka TRA kwa jina lako. Ile elfu 20 ni kodi uliyoitanguliza, omba cheti chake cha zuio ukitunze, siku ya mahesabu inapunguza unachodaiwa. Asiyekupa cheti, huyo ndo wa kumwulizia vizuri. Sheria ya Fedha ya 2024 nayo ikawataja watengeneza maudhui mtandaoni kwa asilimia hiyo hiyo 5, na tangu hapo watu wanasema "ukiposti tu TRA wanakata". Hakuna anayekatwa kwa kuposti. Inakatwa hela unayolipwa, na anakata anayekulipa.

Kwa mfanyabiashara mdogo binafsi, kodi ya makadirio haianzi mpaka mauzo yavuke milioni 4 kwa mwaka. Ila huduma za kitaalamu zina utaratibu wake tofauti, na mchoraji anaweza kuangukia upande wowote kutegemea anafanya nini, kwa hiyo nenda pale dirishani uwaeleze kazi yako ilivyo, usisome kwenye stetasi ya mtu. Jambo jingine la ofisi ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wengi hawalipi bila hiyo, uliza kabla hujashika kalamu. Serikali yenyewe inanunua kupitia mfumo wa NeST, kama haumo humo utabaki kufanya chini ya mtu aliyemo, naye atakata chake. Na angalia kalenda! Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Kazi uliyoimaliza tarehe 27 Juni bila karatasi kukamilika, utaisubiria mpaka ujute.

Wateja wa nje nitapita haraka. Fiverr, lile soko la kazi la mtandaoni, wanachukua asilimia 20 ya kila kazi, ipandishie kwenye bei. PayPal ya hapa kwetu imekuwa ya kutuma tu, sio kupokea, kwa hiyo usimkubalie mzungu kabla hujajua hela itapita wapi, wengi wanatumia Payoneer halafu benki. Wateja wa hapa hapa wapangie bei kwa shilingi, kanuni za 2025 zimekataza kutaja bei kwa dola kwa huduma za ndani hata kama mteja ni shirika lenye gari la bendera.

Kuhusu vifaa, ibisPaint kwenye simu ya kawaida na Krita kwenye kompyuta ni bure na watu wanakula kupitia hizo. Kuhusu akili mnemba (AI), nimejaribu kuiomba inichoree bibi wa muheme, ikaniletea mwanaume na ngoma ya Afrika Magharibi, shingoni shanga za Kimasai. Hapo unaona bado kazi ipo. Wateja wameanza kuja na hizo picha wakisema "rekebisha vidole tu", hiyo ni kazi ya muda kama nyingine, mara nyingi ni ngumu kuliko kuanza upya, chaji hivyo hivyo.

Turudi kwa kijana wetu. Nilimwambia asianze na mwanasheria, aanze na simu, na amwite mama kama anavyomwita siku zote. Akaandika: "Shikamoo mama. Nimeona fulana Nanenane, zimependeza. Ile hela uliyonipa mimi nilijua ni ya picha ya ukutani, naomba tuongee kuhusu kuchapa." Mama kakaa kimya siku mbili, kijana ananipigia kila baada ya masaa matatu. Siku ya tatu kapiga mwenyewe. Kumbe alijua kanunua kila kitu, tena alikuwa anapanga kumwagiza bibi wa pili, wa kubeba kibuyu. Wamekubaliana elfu moja kwa kila fulana kuanzia sasa, na mama kaahidi jina lake litaandikwa chini ya mchoro.

"Na zile zilizouzwa Nanenane?" akaniuliza. Nikamwuliza alizihesabu ngapi pale kwenye kamba. Hakuhesabu.